Dawa za mizizi na moyo wako: Samaki wadogo wanatuambia nini?

Wagonjwa wengi wa moyo na presha ninaowaona kliniki wanatumia dawa za aina mbili. Za kwanza zimeandikwa kwenye kadi. Za pili hazijaandikwa popote: ni mizizi iliyochemshwa, magome yaliyotwangwa au unga uliofungwa kwenye karatasi, na daktari hasikii habari zake mpaka aulize mara mbili au tatu.

Nikiuliza, majibu hufanana. "Daktari, hiyo ni ya asili tu, haina kemikali." Mama mwenye mtoto mwenye tatizo la valvu naye huniambia kwamba bibi wa mtoto ameleta dawa kutoka kijijini, imewasaidia wengi na haina madhara.

Siku hizi limeongezeka jibu jingine. Mgonjwa anafungua simu na kunionyesha ujumbe unaosema mti fulani "umethibitishwa na wanasayansi kutibu moyo". Ukiufuatilia ujumbe huo hadi mwisho, unakuta utafiti wenyewe ulifanywa kwa samaki wenye urefu wa milimita chache, kwa nzi, au kwa wadudu wa majini. Ndipo linapokuja swali la haki kabisa: dawa ikifanya kazi kwa samaki, itafanya kazi kwangu? Na kama samaki hakufa, ina maana ni salama kwa mwanangu?

Wiki hii tulijibu swali hilo. Kwa kifupi, vipimo vya viumbe wadogo vina manufaa makubwa, na vingine hufanyika hapa hapa Dar es Salaam. Vinaweza kutuonyesha kwamba dawa fulani inaugusa moyo. Haviwezi kutuhakikishia kwamba kikombe ulichoshika mkononi ni salama kwako.

MIMEA NA MOYO NI WATU WA SIKU NYINGI

Nianze kwa kusema wazi kwamba mimi si adui wa dawa za asili. Baadhi ya dawa tunazoandika hospitalini zilianzia kwenye chungu cha mganga.

Mwaka 1785 daktari Mwingereza William Withering alichapisha kitabu kuhusu mmea uitwao digitali. Aliufahamu kupitia dawa ya mwanamke mmoja wa Shropshire, Uingereza, aliyekuwa akitibu watu waliovimba miili kwa mchanganyiko wa mimea 20 au zaidi. Withering alitambua kwamba katika mchanganyiko ule wote, wenye nguvu ulikuwa mmea mmoja tu. Alitumia takriban miaka 10 kuchunguza nani anasaidiwa nao, kwa kiasi gani, na dalili zipi zinaonyesha kwamba umezidi. Kutoka katika ukoo wa mmea huo ilipatikana digoksini, dawa ambayo hadi leo tunawapa baadhi ya wagonjwa ambao moyo umeshindwa kusukuma damu ipasavyo, wakiwamo watoto.

Afrika nayo ina historia yake. Wawindaji wa maeneo mengi ya Afrika Mashariki wamekuwa wakipaka mishale sumu ya msunguti. Kusini zaidi, katika bonde la Mto Zambezi, walitumia sumu iitwayo kombe, itokanayo na mmea wa jamii ya strofanto. Daktari John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alikuwa katika msafara wa David Livingstone huko Zambezi kati ya 1858 na 1863. Mswaki wake uligusana na sumu hiyo ndani ya mizigo. Alipopiga mswaki alisikia uchungu mdomoni, kisha akagundua kwamba mapigo ya moyo wake yamepungua. Sumu ile ilipelekwa Edinburgh, ambako mtaalamu Thomas Fraser aliichunguza kwa kutumia vyura na kuona jinsi inavyosimamisha moyo. Baadaye Ulaya iliitumia kama dawa ya moyo.

Msunguti, kombe na digitali vyote vina kemikali za kundi moja. Zinazuia pampu ndogo iliyo katika kila chembe ya msuli wa moyo, ambayo kazi yake ni kutoa chumvi ya sodiamu na kuingiza potasiamu. Pampu hiyo ikizuiwa kidogo, moyo husukuma kwa nguvu zaidi. Ikizuiwa kupita kiasi, mapigo huvurugika na moyo unaweza kusimama.

Kwa hiyo kemikali hiyo hiyo huwa dawa au sumu kulingana na kiasi. Kwa digoksini tunalenga kiwango kidogo sana katika damu, karibu nanogramu 0.5 hadi 0.9 katika kila mililita. Kikizidi nanogramu 2 tunaingia eneo la hatari. Hakuna kijiko wala kikombe cha nyumbani kinachoweza kupima tofauti hiyo.

VIUMBE HAWA NI AKINA NANI?

Zamani nguvu ya digitali ilipimwa kwa vyura, paka na hata njiwa. Leo watafiti wanapotaka kuchuja mimea mingi kwa haraka na kwa gharama ndogo, huanza na viumbe wadogo zaidi. Nitataja wanne.

Wa kwanza ni kiroboto wa maji. Jina lisikutishe, hang'ati mtu. Ni kiumbe wa jamii ya kamba na kaa anayeishi kwenye madimbwi na mabwawa, mdogo kama punje ya chumvi ya mawe. Mwili wake unapenyeza mwanga, kwa hiyo moyo wake unaonekana ukidunda kwa hadubini ya kawaida kama ile ya maabara ya sekondari. Hudunda haraka mno, zaidi ya mara 200 kwa dakika. Wanafunzi wa nchi nyingi humtumia kujifunza jinsi kahawa na pombe zinavyobadili mapigo.

Wa pili ni nzi wa matunda, yule mdogo anayezunguka ndizi zilizoiva. Moyo wake ni mrija tu, lakini unajengwa kwa maelekezo yanayofanana na ya kwetu. Mwaka 1993 ilielezwa jeni ambayo nzi akiikosa, moyo wake hauumbiki kabisa. Binadamu tunayo inayolingana nayo, na miaka michache baadaye ikabainika kwamba ikiwa na kasoro, mtoto anaweza kuzaliwa na tundu kwenye moyo au hitilafu ya mapigo. Nzi huchanganyiwa dawa kwenye chakula, na kwa kuwa huishi wiki chache tu, mtafiti anaweza kuona athari za maisha yake yote.

Wa tatu ni samaki pundamilia, samaki mdogo mwenye mistari, asili yake Asia ya Kusini. Huyu ndiye anayetajwa zaidi katika utafiti wa moyo. Yai lake hurutubishwa nje ya mwili wa mama, na kiinitete chake kinaonekana ndani kama kioo. Moyo huanza kudunda saa 24 hivi baada ya yai kurutubishwa. Ukifika siku ya pili au ya tatu hudunda takriban mara 120 hadi 180 kwa dakika, karibu sawa na moyo wa mtoto aliye tumboni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba karibu asilimia 70 ya jeni za binadamu zina angalau jeni moja inayolingana nazo kwa samaki huyu.

Wa nne ni uduvi wa maji chumvi. Mayai yake huuzwa yakiwa makavu, ukiyaweka kwenye maji ya chumvi huanguliwa ndani ya siku moja au mbili. Watafiti wa Taasisi ya Tiba Asili katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili wamemtumia kupima mimea ya dawa ya Kitanzania, ikiwamo ile ya mkoa wa Kagera, na kuchapisha matokeo. Kipimo hiki hakiangalii mapigo ya moyo. Kinahesabu uduvi wangapi wamekufa baada ya saa 24 katika viwango mbalimbali vya dawa, ili ijulikane mmea upi una kemikali kali na unahitaji kuchunguzwa zaidi.

KIPIMO KINAFANYIKAJE?

Chukua mfano wa samaki pundamilia. Mtafiti ana sahani ya plastiki yenye visima vidogo 96, na katika kila kisima anaweka kiinitete kimoja au vichache. Visima vingine vinawekwa maji matupu. Vingine vinawekwa dawa ya hospitali ambayo athari yake kwa moyo inajulikana. Vilivyobaki vinawekwa maji ya mmea unaochunguzwa, kuanzia kiwango cha chini kabisa hadi cha juu.

Baada ya muda uliopangwa anarekodi video kupitia hadubini na kuhesabu mapigo. Anaangalia pia kama moyo unadunda kwa mpangilio, kama damu inatembea au imetuama, na kama kuna maji yaliyojaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo.

Vile visima vya maji matupu ndivyo vinavyoupa utafiti maana. Moyo wa viumbe hawa huenda polepole maji yakipoa na haraka yakipata joto. Hubadilika hewa ikipungua majini au maji yakiwa na ukali wa tindikali. Bila ya kundi la kulinganisha, mtafiti anaweza kuusifu mzizi kumbe kilichofanya kazi ni ubaridi wa chumba.

Utakapoona tena ujumbe wa "imethibitishwa", jiulize kwanza: walilinganisha na nini?

PALE SAMAKI ANAPOSEMA KWELI

Isidhaniwe kwamba vipimo hivi ni mchezo. Mwaka 2003 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya kujaribu kemikali 100 kwa viinitete vya samaki pundamilia. Miongoni mwake zilikuwamo dawa 23 ambazo tayari zilijulikana kuvuruga umeme wa moyo wa binadamu kwa namna inayoweza kuua ghafla. Katika mchujo wa kwanza samaki walizitambua 18 kati ya hizo 23: moyo ulienda polepole, au vyumba vyake viwili vikaacha kudunda kwa kufuatana.

Zile tano zilizokosekana zina funzo. Nne kati yake hazikuonekana kwa sababu hazikupenya vizuri kuingia mwilini mwa samaki. Zilipodungwa moja kwa moja, athari ikaonekana. Dawa ilikuwa na hatari muda wote, ila haikuwa imefika kwenye moyo.

Na hizo zilikuwa dawa za viwandani. Terfenadini ilitumika duniani kote kutibu mafua ya mzio, na sisapraidi ilitumika kwa matatizo ya tumbo. Zote mbili ziliondolewa sokoni Marekani baada ya kuhusishwa na hitilafu hatari za mapigo ya moyo. Ninazitaja ili ieleweke kwamba swali la "dawa hii inaufanya nini moyo?" linaulizwa kwa kila dawa, iwe imetoka kiwandani au porini. Tofauti ni kwamba ya kiwandani ina mahali ambapo lazima ijibu. Ya kwenye kikaratasi haina.

PALE SAMAKI ASIPOWEZA KUKUSAIDIA

Kwanza, mapigo kupungua si kupona. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi katika ujumbe wa mitandaoni. Utafiti unasema mmea "ulipunguza mapigo ya moyo", msomaji anaelewa kwamba "unatibu presha". Mapigo na presha ni vitu viwili tofauti. Tena moyo wa kiumbe anayekufa kwa sumu nao hupunguza mapigo. Kumbuka mswaki wa Kirk.

Pili, wanyama hawafanani. Panya wa maabara ana pampu ya moyo isiyozuilika kwa urahisi na kemikali za kundi la digitali na msunguti. Kiasi ambacho panya anakivumilia kinaweza kumuua binadamu. Kwa upande mwingine, wapo vyura ambao ngozi yao yenyewe hutengeneza kemikali za aina hiyo, nao hawadhuriki nazo kirahisi. Ndiyo maana mtu akikuambia "tulimpa mnyama, hakufa", hajakuambia lolote mpaka umjue ni mnyama gani na ni kemikali gani. Hakuna kiumbe mmoja anayetosha, na watafiti makini hutumia zaidi ya mmoja.

Tatu, samaki anaogelea ndani ya dawa, wewe unaimeza. Ukimeza, dawa hupita tumboni na kwenye ini, ambavyo vinaweza kuipunguza nguvu au kuibadilisha. Kiwango kilichofanya kazi kwenye kisima cha maabara hakigeuki kuwa "vikombe viwili kutwa".

Nne, athari nyingine hazipitii kwenye mapigo. Urukususu, ule mzizi mtamu unaouzwa maduka ya dawa za asili, ukitumiwa kwa wingi hufanya figo zibakize chumvi na maji na kupoteza potasiamu, presha ikapanda. Anayehesabu mapigo ya samaki peke yake hawezi kuliona hilo.

Tano, na hili ni kubwa kuliko yote, samaki wa maabara hana kadi ya kliniki. Hatumii dawa nyingine, hana miaka 65, figo zake hazijachoka. Mgonjwa wangu anavyo vyote hivyo.

MCHANGANYIKO UNAOTUTIA HOFU

Nichukue mfano wa mgonjwa ambaye moyo wake umepanuka na umeshindwa kusukuma damu. Anatumia dawa ya kupunguza maji mwilini, na pengine digoksini. Dawa ya kupunguza maji hutoa potasiamu kwenye mkojo, kwa hiyo tunampima damu mara kwa mara. Sasa ndugu wanamletea dawa ya mizizi ya "kusafisha mwili", inayomharisha siku tatu. Potasiamu inashuka zaidi. Digoksini ile ile, kidonge kile kile alichokizoea, inaanza kumdhuru, kwa sababu potasiamu ikiwa chini nguvu ya digoksini juu ya moyo huongezeka. Na kama ndani ya mizizi ile kuna mti wa ukoo wa msunguti, atakuwa amejiongezea dozi bila kujua.

Mgonjwa huyo huanza kwa kichefuchefu na kukosa hamu ya kula. Anatapika. Macho yanaona ukungu au rangi ya manjano. Anapata kizunguzungu, mapigo yanakuwa ya polepole au yanarukaruka, na anaweza kuzimia. Nyumbani hutafsiriwa kwamba "dawa inatoa uchafu", na anaongezewa kikombe.

Msomaji, kutapika kwa mgonjwa wa moyo aliyekunywa dawa ya mizizi si dalili ya kutoka uchafu. Ni dharura.

Mfano wa pili ni mtu aliyewekewa valvu ya bandia, anayetumia wafarini ili damu isigande. Vitunguu saumu kwa wingi au vidonge vyake, na mitishamba mingine mingi, vinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Balungi, ingawa ni tunda tu, huongeza kiwango cha baadhi ya dawa za presha na za kolesteroli katika damu. Vyote hivi ni vya asili.

UTAMBUZI WA MTI NAO NI TATIZO

Wengi mnakumbuka mwaka 2011, maelfu ya watu walipopanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kwa shilingi 500. Mti uliotumika, mugariga, ni wa ukoo mmoja wa mimea na msunguti. Majani yake yanakaribiana sura, na tofauti moja iliyo rahisi kuiona ni miiba: mugariga unayo, msunguti hauna. Mchimbaji mzoefu hawezi kuchanganya. Lakini dawa ikishakuwa unga ndani ya mfuko, miiba haionekani tena.

Ukoo huo huo una oleanda, yenye maua ya waridi, meupe au ya njano, inayopandwa kwenye bustani na kando ya barabara zetu. Una pia lile waridi la jangwani lenye shina nene linalowekwa kwenye vyungu vya barazani, ambalo utomvu wake Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi huutumia kwenye mishale. Mzazi mwenye mtoto anayetambaa aijue mimea hii. Ipendezeshe nyumba, lakini iwe mbali na mkono wa mtoto.

ROSELA ILIVYOFIKA KWA BINADAMU

Je, ipo dawa ya asili iliyovuka kutoka maabara hadi kwa watu? Ipo, na unaijua. Rosela, au choya, ile juisi nyekundu.

Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Boston kwa watu wazima 65 ambao presha yao ilikuwa imepanda kidogo na hawakuwa wakitumia dawa. Kundi moja lilikunywa vikombe vitatu vya chai ya rosela kila siku kwa wiki sita. Kundi la pili lilikunywa kinywaji chenye rangi na ladha inayofanana, kisicho na rosela. Presha ya juu ilishuka kwa wastani wa 7.2 kwa waliokunywa rosela, na 1.3 kwa wengine.

Hivyo ndivyo ushahidi unavyoonekana: watu, kipimo kinachojulikana, muda unaojulikana, na kundi la kulinganisha. Hata hivyo angalia tarakimu zenyewe. Kushuka kwa 7 kunamfaa mwenye 138. Aliye na 190 akitupa vidonge akabaki na rosela, anabaki kwenye hatari ya kiharusi. Kama unaipenda, kunywa isiyo na sukari nyingi, endelea na dawa zako, na umweleze daktari wako.

WATOTO SI WATU WAZIMA WADOGO

Kwa wazazi nina neno la pekee. Mtoto mwenye tatizo la moyo hupewa dawa kwa uzito wake, na kila anapoongezeka kilo tunahesabu upya. Mtoto wa kilo sita akipewa "nusu kijiko" cha dawa ya mizizi, hakuna anayejua amepata nini. Kwa mtoto mchanga ini na figo bado hazijakomaa, hivyo kemikali hukaa mwilini muda mrefu zaidi.

Tena hakuna mzizi unaoziba tundu la moyo au kunyoosha valvu iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Matundu mengine madogo hujiziba yenyewe mtoto anapokua, na dawa iliyokuwa ikitumika wakati huo hupata sifa isiyo yake. Mengine yanahitaji upasuaji au kuzibwa kwa mrija maalumu, na yana muda wake. Huduma hiyo inapatikana nchini, ikiwamo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Mtoto anayecheleweshwa kwa dawa za mizizi miaka miwili anaweza kufika wakati mishipa ya mapafu imeshaharibika na upasuaji hauwezekani tena. Hapo mzizi unaweza kuwa haukuwa na sumu yoyote. Kilichomdhuru mtoto ni muda uliopotea.

Mama mjamzito naye asisahau kwamba moyo wa mtoto huanza kudunda mapema sana, karibu wiki ya sita ya ujauzito, wakati wengine hawajajua kama wana mimba. Kama kiinitete cha samaki kinaweza kuumizwa moyo na mmea uliomo majini, hiyo ni sababu tosha ya kutokunywa dawa usiyoijua katika miezi hiyo.

UFANYE NINI?

Sitakuambia uache kila kitu cha asili, maana najua ukitoka hapa utaendelea kimyakimya. Naomba haya:

1. Mwambie daktari au muuguzi kila unachokunywa, hata asipokuuliza. Ukiweza, njoo na kikaratasi, chupa au kipande cha mti wenyewe, na jina lake kwa lugha ya kwenu. Hatukugombezi. Tunataka kujua nini kimo mwilini mwako kabla hatujaongeza kingine.

2. Usiache dawa za presha, za moyo au wafarini ili "kuipa nafasi" dawa ya asili. Ukitaka kupunguza dozi, suala hilo lizungumzwe kliniki presha ikiwa imepimwa.

3. Kama unatumia digoksini, wafarini, dawa ya kurekebisha mapigo au dawa ya kupunguza maji, usiongeze dawa yoyote ya mizizi, magome au mbegu bila ya kuuliza kwanza.

4. Muulize anayekuuzia: ni mti gani, sehemu gani ya mti, kipimo gani, na je, mganga na dawa vimesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002? Mganga mkweli hakasiriki akiulizwa. Anayesema dawa yake inatibu presha, kisukari, nguvu za kiume na saratani kwa pamoja, muage.

5. Ukisoma habari ya utafiti, tafuta majibu ya maswali manne: ulifanywa kwa nani, kwa kipimo gani, walilinganisha na nini, na je, umefika kwa binadamu? Kama umeishia kwa samaki au nzi, ni habari njema kwa watafiti. Bado haijawa ushauri kwa mgonjwa.

6. Nenda hospitali mara moja, mchana au usiku, kama baada ya dawa ya asili mtu anatapika mfululizo, anaona ukungu au manjano, mapigo yanakwenda polepole au yanarukaruka, anapumua kwa shida au amezimia. Beba mabaki ya dawa. Usimpe maziwa wala mafuta kwa lengo la kumtapisha. Kipimo cha umeme wa moyo huchukua dakika chache na kinaweza kuokoa maisha.

Natamani kuona mimea yetu mingi zaidi ikipita katika visima vile 96, kisha kwa wanyama wakubwa, kisha kwa watu waliokubali kwa hiari na wanaolindwa. Huenda ndani ya magome ya Kagera, Tanga au Iringa kuna dawa ambayo wajukuu wetu wataipata dukani ikiwa na dozi iliyopimwa. Hadi hapo, usikubali wewe au mtoto wako awe samaki wa majaribio, kwenye kisima ambacho hakuna anayehesabu mapigo.